Muvi Ambayo Hakuna Aliyeiomba

Ijumaa tarehe 31 Machi 2006, Basic Instinct 2 iliingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani. Ilikuwa imepita miaka 14 tangu ile ya kwanza. Wikendi hiyo ilikusanya takriban dola milioni 3.2 na kushika nafasi ya 10. Nafasi ya kwanza ilichukuliwa na Ice Age: The Meltdown, katuni ya wanyama wa enzi za barafu, iliyozoa kama dola milioni 68. Na hiyo katuni pia ilikuwa sehemu ya pili. Kwa hivyo usiniambie eti watu walikuwa wamechoka na sehemu za pili. Walikuwa wamechoka na hii.

Maneno ya wahakiki wakati ule yalikuwa makali, na baadhi yao walirudia neno moja: haikuhitajika. Mimi siwapingi kuhusu muvi yenyewe. Nimeitazama mara mbili kwa ajili ya makala haya na mara ya pili niliangalia saa kuliko nilivyoangalia skrini. Lakini hilo neno "haikuhitajika" linanikera kidogo, manake linaficha swali. Haikuhitajika na nani? Muvi ya dola milioni 70 haijitengenezi. Mtu fulani aliihitaji, akaipigania hadi kortini. Ukifuata mikataba na kesi badala ya kufuata uhakiki, unakutana na historia nyingine kabisa: mwanamke aliyelipwa kiduchu, picha iliyomponyoka, na miaka 14 ya kujaribu kudai chake.

Mwanamke hatari

Tuanze mbali kidogo. Kuanzia 1934 hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, studio za Hollywood zilifuata kanuni ya maadili iliyojulikana kama Hays Code. Sharti lake moja lilikuwa kwamba uhalifu usionekane kulipa. Kwa hivyo hata muvi iliyokuwa na mwanamke mrembo, mjanja na muuaji ilibidi imalizike akiwa amekufa au amekamatwa. Katika Double Indemnity ya 1944, mke wa mtu anamvuta wakala wa bima wamuue mumewe wale pesa za bima. Unajua tangu mwanzo kwamba hawatazifurahia.

Mwaka 1968 kanuni hiyo iliondolewa, ukaja mfumo wa kuainisha filamu kwa umri wa mtazamaji. Kisha miaka ya 1980 ikaleta kanda za VHS majumbani. Mtu sasa angeweza kutazama, pazia zikiwa zimefungwa, kile ambacho angeona haya kukipangia foleni mjini. Hapo ndipo thrila ya mahaba ikanoga: Body Heat 1981, Jagged Edge 1985, Fatal Attraction 1987. Mapishi yake si magumu. Mtu mwenye kazi ya heshima, awe wakili au polisi, anampenda mtu anayeweza kuwa muuaji. Kila wanapoingia kitandani, wewe unajiuliza kama atatoka akiwa hai.

Fatal Attraction inafundisha jambo moja muhimu. Mwisho wake wa kwanza ulikuwa mwanamke anajitoa uhai. Watazamaji wa majaribio hawakuridhika, ukapigwa mwisho mpya ambapo mke wa ndoa anampiga risasi. Ukumbini watu wakashangilia. Yaani Hays Code ilikuwa imekufa kwenye karatasi, lakini ilikuwa bado hai ndani ya watazamaji. Mume aliyetoka nje ya ndoa anasamehewa, mwanamke wa pembeni anazikwa.

Mswada wa dola milioni tatu

Mwaka 1990 Joe Eszterhas, mzaliwa wa Hungary aliyekulia Marekani, aliuza mswada wa Basic Instinct kwa dola milioni 3, bei ambayo hakuna mswada mwingine ulikuwa umefika. Mnunuzi alikuwa Carolco, kampuni iliyoanzishwa na Mario Kassar, mzaliwa wa Lebanon, na Andrew Vajna, mzaliwa wa Hungary. Hao ndio waliotuletea Rambo. Mwongozaji akawa Paul Verhoeven wa Uholanzi, na mpiga picha mkuu Jan de Bont, Mholanzi mwenzake. Ukiangalia vizuri, ndoto hii chafu ya Kimarekani ilipikwa na wageni.

Stori yenyewe ni hii. Mwanamuziki mstaafu wa roki anauawa kitandani San Francisco kwa chuma chenye ncha cha kuvunjia barafu. Mshukiwa ni mpenzi wake, Catherine Tramell, mwandishi tajiri wa riwaya, ambaye alikuwa ameshaandika kitabu chenye mauaji kama hayo hayo. Mpelelezi Nick Curran, aliyeigizwa na Michael Douglas, anapaswa kumchunguza. Badala yake anamwangukia.

Mastaa kadhaa wa kike waliikataa nafasi ya Catherine. Ikamwendea Sharon Stone, aliyekuwa ameigiza mke bandia wa Arnold Schwarzenegger kwenye Total Recall, pia ya Verhoeven, mwaka 1990. Alikuwa ameng'ang'ana na Hollywood zaidi ya miaka 10 bila kuwa staa. Kwa maelezo yake mwenyewe, alilipwa dola 500,000 ilhali Douglas alilipwa milioni 14. Weka hesabu hiyo mahali. Tutaihitaji baadaye.

Kabla muvi haijaisha kupigwa, mwaka 1991, wanaharakati wa haki za mashoga na wasagaji wa San Francisco walijitokeza barabarani kuvuruga kazi. Hoja yao ilikuwa wazi: Hollywood haiwaonyeshi kabisa, na ikiwaonyesha ni wauaji. Muvi ilipotoka, baadhi yao waliwasubiri watu nje ya sinema na kuwatajia muuaji ni nani, ndio wasipate uhondo. Bodi ya kuainisha filamu nayo ilidai sekunde kadhaa zikatwe. Yote hayo yakawa matangazo ya bure. Muvi iliyogharimu takriban dola milioni 49 ikaingiza zaidi ya milioni 350 duniani.

Lakini kilichoifanya idumu, kwa maoni yangu, ni mwisho wake. Catherine na Nick wako kitandani. Chini ya kitanda kuna kile chuma. Muvi inakatika hapo. Hakuna pingu, hakuna risasi, hakuna mke wa ndoa wa kuokoa jahazi. Mwanamke hatari hajaadhibiwa, na wewe unaenda nyumbani ukibishana na wenzako. Hiyo ndiyo sababu haikuwa na haja ya sehemu ya pili. Swali ndilo lililokuwa muvi. Ukilijibu umeiua.

Ilivyotufikia

Mimi 1992 sikuwa nimezaliwa. Kizazi cha wazazi wetu kiliipata kwenye kanda za VHS zilizotembea kutoka nyumba moja hadi nyingine, zikiwa zimefichwa nyuma ya kanda za harusi na za kwaya. Baadaye zikaja DVD za barabarani, zile ambazo diski moja ina muvi nane na picha ya jalada haifanani na yoyote kati yake. Mimi niliipata kwenye flash, hosteli ya chuo, laptopu ikiwa juu ya kitanda na sisi sita tumebanana kama abiria wa matatu.

Nakumbuka hatukuitazama. Mwenye laptopu alishika kipanya akaburuta moja kwa moja hadi ile sehemu ya polisi wakimhoji Catherine. Unaijua hata kama hujaiona: gauni jeupe, sigara, miguu. Akaicheza, watu wakapiga kelele. Akairudisha. Akaicheza tena. Kisha akafunga akafungua mechi. Muvi ya saa mbili na zaidi ikawa sekunde chache, na mwigizaji aliyejenga mhusika mzima kwa macho na sauti akawa kipande cha kuchekea.

Baadaye sana niliitazama yote peke yangu, na kilichonishangaza ni jinsi ile sehemu ilivyo kinyume na ilivyosimuliwa hosteli. Catherine yuko peke yake mbele ya wanaume kadhaa wenye suti na vyeo. Wao ndio wanaotokwa jasho. Yeye ndiye anayewahoji. Mhusika yule ana mamlaka yote chumbani. Kama mwigizaji naye alikuwa na mamlaka, hilo ni swali tofauti, na nitalirudia.

Mlipe hata asipocheza

Mafanikio ya 1992 hayakudumu. Mwaka 1995 Verhoeven na Eszterhas waliungana tena kwa Showgirls, wakachekwa dunia nzima. Mwaka huo huo Carolco ilitoa Cutthroat Island, muvi ya maharamia iliyokula pesa nyingi na kurudisha kidogo, na kampuni ikafilisika. Wakati huo huo intaneti ilikuwa inaingia majumbani. Aliyetaka kuona mtu uchi hakuhitaji tena kuvumilia upelelezi wa saa mbili. Studio nazo zikagundua kwamba pesa kubwa ziko kwenye muvi ambayo baba, mama na watoto wanaweza kuingia pamoja.

Kassar na Vajna, hata hivyo, walijua mali ni nini. Kampuni inaweza kufa lakini jina la muvi maarufu likabaki, kama shamba lenye hati. Walikomboa haki za Terminator, wakaanzisha kampuni mpya, na mwaka 2003 Terminator 3 ikaingiza zaidi ya dola milioni 400. Basic Instinct lilikuwa shamba lingine la kulima. Kulikuwa na shida moja tu: huwezi kulilima bila Sharon Stone.

Na Stone sasa alijua thamani yake. Mkataba aliosema aliahidiwa ni wa aina ambayo Hollywood inaupenda na kuuogopa: mlipe akicheza, na asipocheza mlipe vilevile. Waongozaji wakatajwa, akiwemo David Cronenberg. Majina ya waigizaji wa kiume yakaja yakaenda. Mradi ukakwama. Mwaka 2001 Stone akawashtaki Kassar na Vajna, akidai fidia ya dola milioni 100 kwa kuvunja ahadi. Miezi michache baadaye, Septemba mwaka huo huo, alipata kuvuja damu kwenye ubongo kulikokaribia kumuua. Ilimchukua muda mrefu kurudi kutembea na kuzungumza kama zamani, na katika muda huo Hollywood ilimsahau.

Kesi ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2004. Muvi ikapigwa London 2005. Sasa unaona jibu la swali letu? Basic Instinct 2 haikuzaliwa kwa sababu kuna mtu alikuwa na stori ya kusimulia. Ilizaliwa kwa sababu kulikuwa na deni. Ni muvi ambayo mswada wake wa kweli uliandikwa na mawakili.

Kutoka Kigali hadi London

Aliyepewa kuiongoza alikuwa Michael Caton-Jones wa Uskoti, na hapa historia inapita karibu na kwetu. Kazi yake ya kabla ya hiyo ilikuwa Shooting Dogs, filamu kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda. Aliipiga Kigali, kwenye shule ile ile ya ufundi ambako Aprili 1994 zaidi ya watu 2,000 walikuwa wamekimbilia chini ya ulinzi wa wanajeshi wa Umoja wa Mataifa, na wanajeshi wakaondoka wakawaacha. Baadhi ya waliofanya kazi kwenye filamu hiyo ni manusura wenyewe. Hugh Dancy, aliyeigiza mwalimu kijana kwenye Shooting Dogs, yumo pia kwenye Basic Instinct 2 kama mwandishi wa habari.

Filamu hizo mbili zilifika kwenye sinema za Uingereza siku zile zile za mwisho wa Machi 2006. Mwongozaji mmoja, mwigizaji mmoja, filamu mbili. Moja inahitajika mpaka leo. Nyingine ndiyo iliyopewa dola milioni 70 na mabango makubwa mjini. Sisemi Caton-Jones alikosea kuchukua kazi. Mtu hula anapopata. Nasema tu soko halijawahi kupanga bei kwa kuangalia haja.

Muvi yenyewe

Inaanza kwa kelele. Catherine anaendesha gari la kifahari usiku London kwa kasi ya ajabu, na kando yake yuko mwanakandanda aliyelewa dawa. Gari linatumbukia majini, yeye anatoka, mwanamume anazama. Na mwanakandanda huyo, amini usiamini, ameigizwa na Stan Collymore. Ndiyo, Collymore yule yule wa Liverpool, aliyefunga bao la ushindi kwenye ile mechi ya 4-3 dhidi ya Newcastle Aprili 1996. Kama una mjomba shabiki wa Liverpool, mwambie hivi leo jioni, atakataa.

Baada ya hapo moto unazimika. Catherine anapelekwa kupimwa akili na Dkt. Michael Glass, aliyeigizwa na David Morrissey, daktari mwenye ofisi kwenye lile ghorofa la London lenye umbo la tango. Unajua kitakachofuata. Atamchunguza, atamtamani, ataharibikiwa. Muvi ya kwanza ilikuwa na jasho, na mwanamume aliyekuwa mbaya kiasi cha kukutisha. Hii ina vioo, vyuma na rangi ya kijivu. Daktari ni mpole mno. Ukimweka Catherine mbele yake ni kama kumweka simba mbele ya bakuli la uji.

Tena mwisho unajaribu kuacha swali kama zamani, lakini kwanza unakaa chini kukueleza mpango mzima: nani alimfanyia nani nini, na kwa nini. Nyumbani tunajua kiporo. Pilau ya Jumapili ukiipasha Jumatatu asubuhi inaweza hata kushinda ya jana. Lakini ile ya kupashwa mara ya nne, siku ya Ijumaa, hata uongeze pilipili namna gani, unakula tu ndio isitupwe.

Duniani kote iliingiza takriban dola milioni 38, karibu nusu tu ya bajeti. Mwaka 2007 ikazawadiwa Razzie nne, zile tuzo za kejeli kwa kazi mbovu: filamu mbovu kuliko zote, mwigizaji mbovu wa kike, mwendelezo mbovu na mswada mbovu.

Hesabu ya miaka

Sasa turudi kwenye hesabu. Soma maneno yaliyoandikwa 2006 na utaona kwamba sehemu kubwa ya kicheko haikuhusu mswada. Ilihusu umri. Stone alikuwa ametimiza miaka 48 mwezi huo huo wa Machi. Watu waliandika kana kwamba mwanamke wa miaka 48 kutamani na kutamaniwa ni kichekesho chenyewe, na mwili wake ukakaguliwa kama gari la mtumba bandarini.

Haya, Michael Douglas alikuwa na miaka mingapi Basic Instinct ilipotoka 1992? Arobaini na saba. Stone wakati huo alikuwa na 34. Hakuna aliyeandika kwamba Douglas amechelewa. Hakuna aliyeuliza kama bado anafaa kuvua shati. Miaka 47 kwa mwanamume ilikuwa ukomavu, na miaka 48 kwa mwanamke ikawa kesi.

Hiyo haiifanyi sehemu ya pili kuwa nzuri. Mswada mbovu ni mbovu hata kama waliouchekea walikuwa na sababu mbovu. Lakini tukisema tu "ilikuwa takataka" tunayaweka makosa mawili kwenye gunia moja. Kulikuwa na muvi iliyoandikwa vibaya, na kulikuwa na dunia iliyomwadhibu mwanamke kwa kuzeeka akiwa bado Catherine Tramell. La kwanza ni kosa la studio. La pili ni letu watazamaji.

Picha ni ya nani?

Mwaka 2021 Stone alichapisha kitabu cha maisha yake, The Beauty of Living Twice. Humo anasimulia jinsi ile sehemu ya mahojiano ilivyopatikana. Anasema aliambiwa avue chupi kwa sababu weupe wake ulikuwa unarudisha mwanga kwenye kamera, na kwamba hakuna kitakachoonekana. Alikuja kugundua kinachoonekana akiwa amekaa kwenye chumba cha maonyesho pamoja na mawakala na mawakili, wengi wao wasiohusika na muvi. Anasema alimzaba Verhoeven kofi, akatoka, akampigia wakili wake. Verhoeven amekana, anasema Stone alijua fika kilichokuwa kikipigwa.

Wewe na mimi hatukuwa pale. Lakini kuna sehemu ya maelezo yake ambayo watu huiruka. Wakili alimweleza kwamba angeweza kuizuia. Akatafakari, akaamua kuiacha, kwa sababu aliona inamfaa mhusika. Yaani kwa maelezo yake alinyimwa chaguo la kwanza, akajichukulia la pili. Ni uamuzi mgumu, wa mtu aliyengoja nafasi zaidi ya miaka 10 na anayejua haitarudi. Mwaka 2023 alisema pia kwamba muvi hiyo ilitumiwa dhidi yake katika kesi ya malezi ya mwanawe. Picha ya sekunde chache ilimfuata hadi kwa hakimu.

Ukiisoma Basic Instinct 2 baada ya hapo, inabadilika. Haiwi nzuri, lakini inaeleweka. Huyu ni mtu ambaye sura yake iliingizia wengine mamilioni, yeye akipewa kipande kidogo, na sekunde zake zilizojulikana kuliko zote anasema hakuzitoa kwa hiari kamili. Miaka 14 baadaye anarudi kwa mhusika yule yule akiwa na mkataba mnono, mawakili, na sauti juu ya nani aigize naye. Alikuwa anakusanya deni. Kwamba deni lililipwa kwa sarafu iliyochakaa si kosa lake peke yake.

Na hili si la Hollywood tu. Kile kilichofanyika kwenye kitanda cha hosteli, kuburuta hadi sekunde fulani, kukata, kurudia, kucheka, ndicho kinachofanyika kwenye magrupu ya WhatsApp kila wiki, na safari hii aliye kwenye picha si staa. Ni mwanafunzi mwenzako. Kenya ina sheria ya uhalifu wa mitandao ya mwaka 2018 inayofanya kusambaza picha za faragha za mtu kuwa kosa. Lakini sheria huja baada ya picha kutoka, na picha ikishatoka hairudi. Stone alikuwa na wakili wa kumpigia simu. Wengi hawana.

Na sasa, ya tatu?

Mwaka 2025 vyombo vya habari vya burudani viliripoti kwamba Joe Eszterhas, akiwa na miaka 80, ameuza wazo la kuianzisha upya Basic Instinct kwa Amazon MGM, kwa mamilioni ya dola tena. Shamba bado lina hati. Watu wameshaanza kuuliza lile swali la kawaida: ya nini sasa?

Mimi nitauliza la kwangu. Kama itatengenezwa, atakayevaa gauni jeupe safari hii atalipwa kiasi gani ukilinganisha na mwanamume aliye kando yake? Ataonyeshwa picha kabla ya wageni kuziona? Akisema hapana, itabaki hapana? Siku hizi kwenye seti nyingi kuna mtu aliyeajiriwa kusimamia sehemu za mahaba, kukubaliana mapema nini kitaonekana na nini hakitaonekana. Mwaka 1991 kazi hiyo haikuwepo. Kama muvi mpya itakuwa na hata jibu moja safi kwa maswali hayo, basi hata ikichosha, hata ikipata Razzie zake nne, kuna mtu mmoja kwenye chumba cha maonyesho ambaye hatashtuka kujiona.